Lita Kumi

Jumatatu

Kaunta ya steshenari yangu hapa Chake Chake tumegawana wanne: fotokopi, mashine ya laminesheni, gunia la makonyo ya karafuu la mama, na mimi. Kompyuta ya zamani ilikufa wiki iliyopita, na nafasi yake ikajaa makonyo siku hiyohiyo. Mpya lazima iwe ndogo. Mchana ichape fomu na picha za pasipoti, jioni ipande nami gari ya 606 kwenda Wete ndani ya mkoba, maana paa la duka linavuja na vuli imeshaingia, na usiku icheze mpira.

Nimechagua kasha la lita kumi, ujazo wa dumu la mafuta ya kupikia. Madabodi inayoingia humo ni ya aina ya Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, kipimo kilichotolewa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Nimempelekea bin ami yangu aliyeko Maskati orodha: prosesa Ryzen 5 5600, ramu mbili za GB 8, kadi ya picha RTX 4060 fupi yenye feni moja, na pawasaplai ndogo ya SFX ya wati 450. Amejibu kwa ujumbe wa sauti. Nyuma yake palikuwa na harusi. Anasema kadi hiyo ni ya watoto.

Jumanne

Nimemweleza kwa maandishi. Skrini yangu ni ya 1080 na inaonesha fremu 60 kwa sekunde. Kadi ikitoa fremu 200, hizo 140 hazionwi na mtu. Zinageuka joto, na joto Pemba tunalo. Prosesa imepangiwa wati 65, kadi 115, vilivyobaki tuseme 50. Jumla 230, na pawasaplai ya 450 inabaki na nafasi ya kupumua. Kasha dogo halina huruma. Kadi kubwa inataka umeme mwingi, umeme mwingi unataka pawasaplai kubwa, pawasaplai kubwa inakula nafasi ya feni, na feni ikikosekana prosesa inajipunguzia kasi isiungue. Unakuwa umenunua cha ghali ili kikinyonge cha bei ndogo.

Bin ami amejibu kwa picha ya kidole gumba.

Mama akauliza kompyuta niliyoazima baada ya yangu kufa ina kasoro gani. Nikamwambia haichezi mpira.

"Na weye huchezi," akasema, akaendelea kukonyoa karafuu.

Alhamisi

Madabodi imefika. Ni B450 ya mtumba, imenunuliwa Kariakoo, ikavuka hadi Unguja, kisha ikapanda boti ya Mkoani chini ya tenga la nyanya. Haikuvunjika. Mbegu nimezitoa kwa mswaki, moja baada ya moja, hasa zile zilizoingia kwenye tundu la kadi.

Lile bati la nyuma la kuziba pembeni mwa matundu ya nyaya halikuwemo. Nimekata jingine kutoka kopo la maziwa ya unga. Ukiizungusha kompyuta sasa unaona nusu ya ng'ombe.

Ijumaa

Prosesa, ramu na pawasaplai vimeletwa na mama mmoja aliyetoka Maskati, katikati ya halua na ubani. Kadi ya picha haikuenea kwenye sanduku lake. Itakuja na msafiri mwingine. Hilo lilipaswa kunishtua, kadi fupi huenea hata kwenye kikoba cha ndala.

Ramu nayo ni moja ya GB 16, si mbili za 8. Bin ami anasema hivyo tundu la pili linabaki wazi kwa siku za mbele. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba ramu mbili husomwa kwa pamoja na moja husomwa peke yake, na kwenye gemu tofauti inaonekana. Nimenyamaza. Halua ilikuwa nzuri.

Nimenunua na UPS ya VA 650, ambayo kwa wati halisi haifiki 400. Ilikaa nyumbani saa moja hivi. Kabla ya sala mama alichomeka pasi, akisema ndiyo soketi iliyokuwa karibu. Pasi inataka wati elfu na zaidi. UPS ilipiga kelele, kisha ikanyamaza, nyumba nzima ikatazamana. Baadaye ikawaka tena, kwa hiyo hakuna msiba. Nimekwenda msikitini na kanzu iliyonyooshwa bega moja.

Jumamosi

Nimeunga kila kitu. Kipozeo kilichokuja na prosesa kina kimo cha milimita 54 na kasha linaruhusu 70. Hapo pekee mambo yameenda kwa hesabu. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Jirani wa duka la vitambaa akaja kunipa pole. Akamwita mwenzake, naye akanipa pole. Mtu alikuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, akasubiri kwanza pole ziishe.

Fundi alikuja baada ya alasiri. Kasema sababu ni mbili na zote ni sahihi. Kwanza, Ryzen 5 5600 haina picha yake mwenyewe. Yenye picha ni 5600G, ile ya herufi moja zaidi, ambayo nayo ina kashe ndogo, MB 16 badala ya 32. Bila kadi, 5600 inafikiri vizuri sana na haikuoneshi kitu. Pili, madabodi za B450 zilitoka 2018 na ukoo wa prosesa hii ulitoka mwishoni mwa 2020. BIOS ya zamani haimjui mgeni. Lazima isasishwe, na ya kuisasishia lazima iwe prosesa ya zamani ambayo madabodi inaitambua.

Jumapili

Prosesa ya zamani imepatikana: Ryzen 3 2200G, ina picha yake, imo ndani ya kompyuta ya mwalimu mmoja wa skuli. Amekubali kuitoa kwa sharti nimchapie mitihani ya majaribio bure. Sikuuliza ni wanafunzi wangapi. Ni wengi.

Kusasisha BIOS ni kazi ya dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati madabodi inaweza kubaki ya kuwekea chai. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Pangani, megawati 20, tangu 2010. Kabla ya hapo Pemba tulikuwa tukitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Leo Pangani hawakuwa na hatia yoyote. Tawi la mwembe liliangukia waya wa mtaa wetu kabla hata hatujafungua bisibisi. UPS yangu, tangu ipigane na pasi, haina roho ya kubeba dakika zote hizo. Tukabeba kila kitu hadi nyumba yenye sola na betri, wenyewe wakiwa wanakula. Tukakaribishwa. Kwa hiyo BIOS imesasishwa baina ya wali na samaki wa kukaanga, na kibodi ina mafuta.

Fundi akarudisha 5600 mahali pake, akawasha, akatazama skrini nyeusi.

"Sasa haioneshi picha kwa sababu moja tu," akasema, akachukua fedha yake.

Jumatano

Kadi imefika. Bin ami hakununua niliyoiandika. Amenunua RTX 4070 ya feni tatu: "Nimekuongezea mwenyewe, tofauti utanilipa taratibu, wala usinishukuru." Sikumshukuru. Kadi ina urefu wa sentimita 30. Kasha langu linapokea 17 na nusu. Inakula wati 200, na waliotengeneza wanapendekeza pawasaplai ya 650. Nimeiweka juu ya kasha kuona tu. Kasha halionekani.

Mtoto wa jirani ameuliza kwa nini nisiiache nje na kuifunga kwa kamba. Ndiye mtu wa kwanza wiki hii kuniletea shauri lisilohitaji safari ya Maskati.

Jumamosi

Mama kauza karafuu na kanikopesha. Nimeagiza kutoka Dar GTX 1660 Super ya mtumba, ya 2019, fupi, feni moja, wati 125. Kwa njia za mawasiliano inaendana na madabodi hii kuliko ile 4060 niliyoianza. 4060 ina njia nane tu za mawasiliano na imetengenezwa kwa PCIe 4.0, huku B450 ikiishia 3.0; hii 1660 ya zamani inatumia njia zote 16 za kizazi chake. Memori yake ni GB 6, na mpira wa 1080 hauhitaji zaidi.

Imeingia. Imebaki nafasi ya kidole kimoja. Picha imetoka. Nimecheza dakika 90 za gemu kwa fremu 60 bila kukwama, nikafungwa mabao manne.

Jumatatu

Mvua tangu alfajiri, na karafuu za mama hazijakauka. Mwenye kukopesha ana haki zake: nimekuta ungo wa karafuu mbichi umeegemezwa nyuma ya kompyuta, penye matundu ya kutolea joto, ng'ombe akichungulia kwa pembeni. Mama amesikia kwamba chombo hiki kinatoa wati 200 za moto na haoni kwa nini zipotee. Fremu zimeshuka hadi 40, feni inalia kama boti inayoingia gatini, na duka zima linanukia vizuri mno. Mteja mmoja ameuliza kama tunauza mafuta ya karafuu. Hadi magharibi karafuu zilikuwa za moto, na mbichi vilevile.

Tumekubaliana: ungo unakaa mchana, wakati nachapa fomu tu, na unaondoka jioni. Kwa kuchapa fomu kompyuta haipati joto lolote la maana. Hilo sijamwambia.

Ile kadi ya feni tatu inauzwa. RTX 4070, GB 12, haijawahi kuwashwa. Ipo steshenari, juu ya fotokopi, imefunikwa kitambaa. Mwenye haja aje na kasha lake tupime kwanza, na pawasaplai isiwe chini ya 650.