Ogopa Mbuzi Kuliko Lori

Dereva mgeni wa Dodoma ana bahati mbaya ya kujifunzia mahali patulivu. Asubuhi ya Jumapili mitaa ya Ilazo haina mtu, na mwalimu amekaa pembeni anachezea simu bila wasiwasi wowote. Unapata leseni yako ya daraja D, unajiona umeiva. Kisha ukoo unatangaza harusi Singida, watu wanagundua kwamba gari lililopo ni moja tu, ile IST yako, na dereva ni wewe.

Ndipo hofu inapobisha hodi. Mimi sina ugomvi na hofu. Dereva asiyeogopa ndiye wa kuogopwa. Tabu ni namna tunavyoigawa. Mgeni anaimaliza yote kwenye malori. Usiku wa kuamkia safari anaota semitrela zinamfukuza, na kesho yake akifika barabarani hana hofu iliyobaki kwa ajili ya mbuzi. Kwa kuwa huu ni mji wa Bunge, niruhusuni nisome bajeti ya hofu, fungu kwa fungu.

Fungu la kwanza ni gari lenyewe. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla hayajapata moto, pamoja na la spea, ambalo wengi hulikumbuka siku linapohitajika. Angalia maji, oili, jeki, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto. Siku nilipowaendesha ndugu zangu kwenda harusini Singida, Mjomba alifanya ukaguzi wake mwenyewe. Zamani aliwahi kuwa utingo wa lori, na tangu hapo hajaacha kuwa mtaalamu. Aliyapiga matairi teke moja moja, akasikiliza, akasema, “Yako safi.” Kipimo cha kituo cha mafuta kikasema mawili hayana upepo wa kutosha. Mjomba alikitazama kile kipimo kwa huruma.

Shangazi akakaa mbele. Mapaja yake yakabeba pochi, chupa ya chai na mamlaka.

Tulipofika mizani ya Nala akauliza, “Na sisi tunapimwa?”

“Hapana, Shangazi. Ni magari makubwa, ya kuanzia tani tatu na nusu.”

Akageuka kutazama nyuma, ambako Mjomba alikuwa amebanwa kati ya ndoo, mabegi na gunia la mchele. “Basi tumeponea chupuchupu,” akasema.

Fungu la pili ni vijiji. Kibao cha 50 kinakupokea, na kutoka Dodoma mpaka Singida utakiona mpaka ukizoee. Mwendo huo ni wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Tochi ya trafiki inaijua vizuri, na kosa moja ni shilingi 30,000. Hapa mwoga anastarehe kuliko wote, kwani anaruhusiwa kisheria kwenda anavyotaka kwenda. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Walisahau kuongeza kwamba hupigiwa honi.

“Mwanangu,” Shangazi akaniambia, “kuna basi nyuma linakuita.”

“Linataka niongeze mwendo.”

“Liambie tunakwenda harusini.”

Tulitoka kijijini, nami nikabaki vilevile hamsini, kwa usalama. Mbele kidogo trafiki akatunyooshea mkono. Akainama dirishani, akamwona Shangazi, akaanza kwa adabu: “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Hajambo mama yako?”

“Hajambo. Dada, gari lina tatizo?”

“Halina, afande.”

“Nimewaona tangu kule mbali. Nikadhani mnasukumwa.”

Akaangalia leseni, akaangalia mtungi, kisha akatupa somo zuri kuliko yote niliyopata chuoni. Kijijini hamsini ni hamsini, asikudanganye mtu mwenye honi. Lakini ukitoka nje ya kijiji, barabara ni nyeupe na wewe bado unatambaa, walio nyuma watachoka, wataovateki kwa hasira, na anayeovateki kwa hasira haangalii mbele. Ongeza mwendo unaoumudu. Ukishindwa, tafuta sehemu pana, washa indiketa ya kushoto, kaa pembeni, wapite. Basi hulishindi, na wala hukuahidi kulishinda.

Fungu la tatu ni malori, nalo nalipunguza sana. Barabara hii hubeba mizigo ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mtu anayevuta semitrela kutoka bandarini Dar es Salaam mpaka huko hana haja ya kukuonea wewe na ndoo zako. Tena mwendo wake una mpaka: magari makubwa hayaruhusiwi kuzidi 80. Mfuate kwa mbali. Usipoviona vioo vyake vya pembeni, jua naye hakuoni.

Lori lina lugha yake. Mjomba, kwa cheo chake cha zamani, alitufasiria: “Akiwasha indiketa ya kulia, usipite, kuna gari mbele. Akiwasha ya kushoto, njia nyeupe, pita.” Dakika hiyo lori lililokuwa mbele yetu likawasha kushoto. “Umeona?” akasema Mjomba. “Anatupisha. Haya, kanyaga!” Lori likapunguza mwendo, likaacha lami, likaenda kusimama kwa wauza mkaa. Alikuwa anakunja kushoto, basi, kama kitabu cha shule ya udereva kinavyosema. Tangu siku ile indiketa ya lori naichukua kuwa maoni ya mchangiaji. Kura napiga mwenyewe, baada ya kuiona barabara ikiwa tupu mbali mbele, na si kwenye kilima wala kwenye kona.

Hata taa za wanaokuja mbele ni maoni. Mtu akikukonyezea taa mchana, huenda trafiki yupo, huenda kuna ng'ombe, huenda amekufananisha na shemeji yake. Jibu ni moja: punguza mwendo. Lakini matawi ya miti yaliyotandazwa juu ya lami hayana fumbo. Mbele kuna gari limeharibika, na aliyekata matawi hayo amekufanyia hisani.

Sasa fungu kubwa, mifugo. Uwanda huu wa kati ni nchi ya wafugaji, na barabara ndiyo iliyokuja kuwakuta. Ng'ombe si tatizo: anavuka polepole, kwa kundi, na mchungaji yuko nyuma yake. Punda anasimama katikati na kufikiri. Msubiri, ana mengi ya kufikiri. Wa kuogopwa ni mbuzi. Mbuzi mmoja akivuka usiseme amemaliza, maana upande aliotoka kuna mwenziwe ambaye bado anajishauri. Ukiona mama yuko kulia na mtoto yuko kushoto, katikati yao hapana barabara tena. Honi haisaidii kitu: aliyekwisha kuvuka husikia honi akarudi. Toa mguu kwenye mafuta mapema, gusa breki taratibu, na kabla ya yote tazama kioo cha nyuma, kwani lile basi bado liko nawe.

Jioni ni mbaya zaidi. Mifugo inarudi nyumbani saa ambayo anayekwenda Singida anaelekea magharibi, na jua lote limekaa kwenye kioo chake cha mbele. Kwa hiyo ondoka Dodoma asubuhi, jua likiwa mgongoni. Usiku mgeni asiutamani kabisa. Kuna baiskeli zisizo na taa, na malori mabovu yasiyo na hata tawi la kuyatangaza.

Fungu la mwisho halimo katika kitabu chochote cha udereva: waliomo ndani ya gari. Singida inasifika kwa kuku wa kienyeji, na Shangazi si mtu wa kupita sifa hivihivi. Wakati wa kurudi alinunua jogoo, akamfunga miguu kwa kamba ya khanga iliyochakaa, akamlaza nyuma ya kiti changu. Tulikuwa tumeshaipita Manyoni, tunateremka kuelekea Kintinku, nami nimeweka gia ndogo ili breki zisichemke, niliposikia mbawa chini ya kiti. Kisha kitu chenye manyoya kikagusa kifundo cha mguu wangu, karibu kabisa na breki.

“Usimkanyage!” Shangazi akapiga kelele. “Ni elfu ishirini na tano!”

Msomaji, siku ikikufika, usiiname. Macho mbele, mguu utoke kwenye mafuta, indiketa ya kushoto, breki kwa upole, toka kwenye lami kabisa, washa taa za dharura, pembetatu iwekwe nyuma mbali na gari. Mjomba ndiye aliyeipeleka ile pembetatu, akitembea kwa heshima ya mtu aliyerudishwa kazini.

Na nani alisimama kutusaidia? Semitrela. Akashuka dereva, akashuka na utingo wake. Kijana akaingiza mkono chini ya pedeli, akamtoa jogoo kwa shingo bila maneno mengi. Dereva akamtazama Shangazi, akasema, “Mama, kuku husafiri kwenye tenga.” Wakapanda, wakaondoka zao. Katika safari iliyobaki lori halikunitisha tena.

Shangazi anawasimulia watu kwamba yeye ndiye aliyetufikisha Singida na kuturudisha salama. Sibishi. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikanyaga breki mara nyingi kuliko wangu, na upande wake hakuna breki.