Ndizi Iliyopiga Mbiu

Ubaoni kulikuwa na kazi moja tu: tengeneza esta. Tulikuwa kidato cha sita, maabara ina koti jeupe moja la kugombania, na gesi ilikwisha muhula uliopita. Sayansi yetu ikachemkia kwenye jiko la mchina, ndani ya sufuria tuliyoiazima kwa mpishi.

Mwalimu alilieleza jambo lenyewe kama harusi. Asidi ya ethanoiki inatoa OH, alkoholi inatoa H, kisha wawili hao wanaungana. Vilivyoachwa navyo vinashikana vinakuwa maji, molekuli moja kwa kila ndoa. Ndiyo kondensesheni hiyo. Asidi salfuriki kali ni mshenga: inaharakisha posa na kuyafyonza maji, lakini kwenye ndoa yenyewe haimo. Akaongeza kwamba mmenyuko huu hurudi nyuma, maji yakizidi wanandoa wanaachana. Huko nyuma mtu akaguna, "Kama kwa mjomba."

Makundi mengine yalipewa ethanoli. Sisi tukaangukiwa na isopentanoli, chupa ya siku nyingi, harufu yake inakaba koo kama soksi za bweni zima. Tukachanganya, tukadondosha matone 5 ya mshenga, neli ikaingia kwenye maji ya moto.

Baada ya dakika 10 nikainamia neli. Sheria inasema upunge harufu kwa kiganja. Mimi nikavuta kama mtu aliyesikia pilau la jirani. Asidi iliyobaki ikanipanda mpaka utosini.

Sasa ilitakiwa tumimine kwenye maji yenye sodiamu kaboneti, asidi iliyobaki iishe nguvu na esta ielee juu. Kaboneti hakuna. Teknishani akatuletea magadi, yale yale ya kulainishia maharage, akasema tumimine kidogo kidogo. Nikamimina yote kwa mkupuo. Povu likapanda, likavuka mdomo wa bika, likanirukia kifuani. Koti jeupe, bila shaka, lilikuwa zamu ya mwingine.

Mwalimu akanikokota hadi bombani. Asidi ikaoshwa ikaondoka, ila esta na maji hawapatani. Ikang'ang'ania sweta la shule, na maabara nzima ikanukia ndizi mbivu. Mwenzetu wa Bukoba, ambaye kwa mambo ya ndizi hatukuwa na mahakama ya rufaa zaidi yake, alinusa mkono wangu mara mbili. "Hii si ndizi," akasema. "Hii ni pipi iliyosimuliwa habari za ndizi."

Nikatoka nje kujianika juani.

Kwenye dari la maabara waliishi nyuki, tangu kabla hatujafika shuleni pale. Tulikaa nao kama wapangaji wa nyumba moja: salamu hakuna, ugomvi hakuna. Wa kwanza akaja, akatua begani, akatembea kidogo kama askari anayekagua kitambulisho. Kisha wakaja wengine, na hao hawakutembea.

Esta ile ile niliyoivaa ndiyo nyuki huiachia anapochoma, ili wenzake wajue adui yuko wapi. Watafiti waliitambua kwenye mwiba wake mwaka 1962, lakini habari zilikuwa bado hazijafika kwetu. Yeye hutoa chembe isiyoonekana. Mimi nilikuwa nimevaa karibu kijiko kizima. Kwangu ndizi, kwao mbiu ya mgambo.

Nilikimbia nikizunguka bwalo, nikapita jikoni, nikamsikia mpishi nyuma yangu: "Wewe! Sufuria yangu iko wapi?" Sweta nikalivulia kwenye uwanja wa mpira na kuliacha hapo. Lililala nje siku mbili, hakuna aliyethubutu kuliiba.

Ripoti niliiandika kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefungwa na uvimbe. Kwenye tahadhari, darasa zima waliandika kwamba harufu ipungwe kwa kiganja. Mimi nikaandika: kabla ya kuanza, angalia dari. Mwalimu akanipa alama, akapiga mstari mwekundu chini yake, na pembeni akauliza kama sufuria nimesharudisha.