Ombi la kibali cha kuishi hadi miaka 113

Waheshimiwa Wataalamu wa Kikokotoo cha Pensheni,
Popote mlipo na kalkuleta zenu.

YAH: BARUA YA WAZI KUHUSU KICHWA CHA HABARI HAPO JUU

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mtumishi wa umma, na mwakani natimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Kwa hiari ningeweza kuondoka tangu nikiwa na 55, ila nyumba yangu ilikuwa imeishia kwenye lenta, na mtu hastaafu akiwa kwenye lenta.

Nianze na pongezi. Mwaka 2018, sheria ilipounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF, mlitoka na kanuni za mkupuo wa asilimia 25 ya mafao. Sisi tuliozoea 50 tukapiga kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaamuru utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Ninyi mkarudi na kikokotoo kipya Julai 2022. Katika utumishi wangu wote sijawahi kuona jambo la serikali likiwahi hivyo. Madaraja yetu ya mishahara, yaliyosimama mwaka 2016 kupisha uhakiki wa watumishi hewa, yangekuja kwenu kujifunza.

Nayataja madaraja kwa sababu kukokotoa mafao mnatumia wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Nimeipekua miaka yangu kumi nikitafuta hiyo mitatu. Inafanana kama mapacha.

Sasa tukokotoe pamoja. Chukueni mwalimu mwenye miezi 420 kazini, yaani miaka 35, na wastani wa shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha zamani, cha moja ya 540 na kizidisho cha 15.5, angeondoka na mkupuo wa takriban milioni 72.3 na pensheni ya 388,900 kila mwezi. Mkaja na moja ya 580, kizidisho 12.5 na mkupuo wa asilimia 33: milioni 35.8. Kelele zikarudi, na bajeti ya Juni 2024 ikatupandisha hadi asilimia 40 sisi tuliokuwa kwenye 50. Hapo ni milioni 43.4 mkononi na pensheni ya 434,500.

Kwenye semina ya wastaafu watarajiwa tuliambiwa tusikodolee macho mkupuo, maana pensheni imepanda. Ni kweli, imepanda kwa 45,600. Nikachukua chaki. Mkupuo umepungua milioni 28.9, na kwa nyongeza ya 45,600 kila mwezi pengo hilo linazibika baada ya miezi 633, karibu miaka 53. Nikistaafu na 60, nitaanza kufaidi nikikaribia 113.

Kumbe kile kizidisho cha 12.5, semina hiyohiyo ilitufafanulia, ni miaka tunayokadiriwa kuishi baada ya kustaafu. Zamani tulikadiriwa 15.5. Kwa hiyo meza moja imenipangia kufa nikiwa na 72 na nusu, na meza ya pili imeniwekea faida yangu kwenye 113. Naomba meza hizo mbili zikutane, hata kwa simu, zikubaliane tarehe.

Nia yenu njema naijua. Mwezeshaji alitusimulia kwa uchungu habari za wastaafu waliomaliza mkupuo kwa miezi sita, mmoja kwa mke wa pili, mwingine kwa daladala bovu. Ukumbi ukacheka. Mwenzangu wa pembeni hakucheka. Alikuwa akiandika nyuma ya kitini bei ya bati la geji 28, mbao za kenchi na misumari, anazidisha, anafuta, anapunguza chumba kimoja, anazidisha tena. Nyumba zetu zilifikishwa kwenye lenta na mikopo ya benki. Mkupuo ndio uliokuwa wa kupaua. Huwezi kupaua kwa 45,600 za kila mwezi, labda bati mojamoja.

Mnasema mfuko lazima uwe endelevu. Naafiki, ila mimi nakatwa asilimia 5 kabla mshahara haujanifikia na sijawahi kuchelewesha. Deni la utumishi wa kabla ya 1999, miaka ambayo serikali haikuuchangia mfuko, sikulikopa mimi. Na serikali yenyewe ilikuja kulilipa kwa hatifungani. Nimewaza nami nimpelekee muuza mabati hatifungani.

Mkichoka na 580, ipo sheria ya mafao ya viongozi wa kisiasa. Pensheni ya Rais mstaafu ni asilimia 80 ya mshahara wa Rais aliyepo madarakani; huo ukipanda, naye anapanda. Mbunge hupokea kiinua mgongo kila Bunge linapofika mwisho, na akichaguliwa tena akiwa na 75, anakipokea tena. Sidai hayo. Nauliza tu ni nani aliwakokotolea, nami nikasome tuisheni kwake.

La mwisho ni uhakiki. Mstaafu hutakiwa kuthibitisha kuwa yu hai, na vidole vyangu vimesuguliwa na chaki; nikifika 113 mashine huenda isivisome. Naomba kibali kieleze bayana kwamba ninaendelea kuishi kwa maelekezo yenu, nisije nikafutwa kama mstaafu hewa.



Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Hisabati

Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya – kwa utekelezaji.