Mtangazaji Wako Ametia Nia: Mwongozo wa Mpiga Kura

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, huwa hakosekani msomaji wa habari anayeaga studio na kuibukia kwenye bango la barabarani. Sauti iliyokuwa ikikukaribisha kwenye taarifa ya saa mbili usiku sasa inaomba ridhaa ya wananchi. Ana haki kamili ya kugombea, sawa na mwalimu, wakili au dereva wa bodaboda. Ila wenzake wanaanza kwa kujitambulisha, na yeye ameshakaa sebuleni kwako miaka kumi. Kabla hujampa kura, mpitishe kwenye hatua hizi.

1. Mwondolee taa na poda

Mtazame mgombea bila studio. Ile taarifa iliyokufanya umwamini ilipikwa na wengi: mwandishi aliyelowa mvua kwenye eneo la tukio, mpiga picha aliyebeba kamera kutwa, mhariri aliyekata sentensi iliyotia shaka. Msomaji alipokea maandishi yanayopanda taratibu mbele ya kamera. Mwangalie machoni siku moja, utaziona mboni zikifuata mistari. Kusoma vizuri ni ufundi unaostahili heshima, lakini haukuambii kama mtu anaweza kusimamia bajeti ya kaunti.

Kwa hiyo muulize: ni habari gani uliyoitafuta mwenyewe? Mwanahabari Mohammed Ali alipogombea ubunge wa Nyali, Kenya, mwaka 2017 akiwa mgombea huru, na akashinda, wapiga kura walikuwa na Jicho Pevu, kipindi chake cha uchunguzi kwenye runinga ya KTN, cha kumpimia. Walijua alichokichimba, wakaamua. Mgombea wako naye akuonyeshe chake.

2. Uliza maneno yalikuwa ya nani

Mwaka 2018 makumi ya wasomaji wa habari wa vituo vya mijini Marekani walitazama kamera na kutamka maneno yale yale, neno kwa neno, kuhusu hatari ya habari za uongo. Yalikuwa yameandikwa na kampuni inayomiliki vituo hivyo, Sinclair. Mtazamaji wa kila mji alidhani anazungumza na mtu wake wa nyumbani. Video iliyowaunganisha wote ikasambaa, na watu wakaona kwamba sura wanayoiamini inaweza kukopeshwa na tajiri mwenye kituo. Mgombea akikwambia “mnanijua”, mwambie ataje siku aliyokataa kusoma alichoandikiwa.

3. Mdai tarehe

Hakuna anayelala mtangazaji akaamka mtia nia. Kuna miezi ya katikati: vikao na wazee, simu za chama, michango ya harambee. Miezi hiyo alikuwa bado hewani, na huenda aliwahoji watu aliokusudia kushindana nao. Ataje alipoanza mazungumzo na chama na siku alipomwarifu mhariri wake. Kisha yatafute mahojiano ya kipindi hicho mtandaoni, uone nani aliulizwa maswali magumu na nani aliachiwa ajinadi.

4. Hesabu saa

Wamarekani wana sheria ya mwaka 1934 inayotaka kituo kikimpa mgombea mmoja muda wa hewani, kiwape na wapinzani wake nafasi sawa. William Branch, ripota wa kituo cha KOVR huko Sacramento, alitaka kugombea udiwani katika mji mdogo wa Loomis. Kituo kikapiga hesabu ya muda ambao angeonekana akiripoti wakati wa kampeni, ikafika saa 33, na wapinzani wake wangeweza kuzidai. Akaambiwa achukue likizo bila malipo, tena bila ahadi ya kurudishiwa kazi. Alikwenda mahakamani akashindwa mwaka 1987.

Inauma kwa Branch, lakini hesabu ile ina haki ndani yake. Mama muuza samaki anayegombea udiwani hatapata hata saa moja ya runinga. Chama na kituo vinapomwacha mtangazaji aendelee kusoma habari huku akijinadi, ni huyu mama anayedhulumiwa.

5. Watambue na walioteuliwa

Wengine hawaombi kura. Kanze Dena alitoka runinga ya Citizen kwenda Ikulu ya Nairobi mwaka 2018. Zuhura Yunus wa Dira ya Dunia ya BBC akaongoza mawasiliano ya Ikulu ya Tanzania kuanzia 2022, mwaka ambao Hussein Mohamed, naye aliyewahi kuwa Citizen, aliteuliwa kuwa msemaji wa Rais Ruto wa Kenya. Hiyo ni kazi halali na inahitaji watu hodari. Wewe jikumbushe tu kila unapowasikia wa aina hii: zamani aliuliza kwa niaba yako, sasa anajibu kwa niaba ya mwajiri wake.

6. Lisubiri swali la mwisho, kisha uliulize wewe

Kari Lake alisoma habari Phoenix, Arizona, kwa miaka 22 katika kituo cha KSAZ. Alipoondoka mwaka 2021 alisema alikuwa akijikuta anasoma mambo asiyoyaamini kuwa kweli tupu. Aligombea ugavana mwaka 2022, akashindwa kwa kura kama 17,000, akakataa matokeo. Mwaka 2024 akashindwa useneta. Machi 2025, baada ya amri ya Rais Trump, wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa Sauti ya Amerika walipelekwa likizo ya lazima, na Lake, akiwa mshauri mwandamizi wa wakala unaoisimamia redio hiyo, ndiye aliyesimama mbele kuutekeleza na kuutetea uamuzi huo. Idhaa ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na nyingine. Mwanahabari wa mji mmoja wa jangwani alifika hadi kwenye redio ya mzee wa Kigoma na ya mfanyabiashara wa Bukavu.

Ndiyo maana swali kubwa kuliko yote kwa mtangazaji aliyetia nia linahusu wenzake aliowaacha chumba cha habari. Mswada wa kuwabana waandishi ukija bungeni utapiga kura gani? Ripota wa kituo chako cha zamani akichimba matumizi ya ofisi yako, utampokea au utampigia simu bosi wake? Katiba ya Kenya, Ibara ya 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari, lakini ibara haijitetei yenyewe. Anayeomba kura kwa imani iliyojengwa na chumba cha habari ana deni kwa chumba hicho, na anapaswa kuahidi hadharani kulilipa. Akikwepa swali hilo, kura yako mpe mwingine.