Miti ya Watu

Gofu ya visahani ilibuniwa na watu wenye miti mingi na wapita njia wachache. Siwalaumu. Ukiwa msituni mahali ambapo hakuna wa kukukatiza isipokuwa kindi, lazima utafute la kufanya, na wao walipata hili: unasimama, unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo, kilichojificha huko mbele nyuma ya miti. Unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapohapo, mpaka minyororo ikidake. Kisha unahamia kituo kinachofuata. Kwa kawaida vituo ni kumi na vinane, na aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Miti haiondolewi njiani, maana hiyo ndiyo mchezo wenyewe.

Mimi mchezo huu ulinifuata hadi Karatu ndani ya begi la mpwa wangu, anayesoma Tampere, Ufini. Kule ipo haki ya tangu zamani inayomruhusu mtu yeyote kupita msituni hata kama msitu si wake, achume uyoga, achume matunda, mradi asiharibu kitu. Viwanja vya visahani viko kwa mamia, vingi vyake bure, katika misitu na bustani za umma. Kijana alikwenda kusomea uhandisi, akarudi likizo akiwa na mkono mmoja mnene kuliko mwenzake.

Dada yangu, yaani mama yake, alivipokea vile visahani kwa shukrani nyingi, akavisuuza, akavipanga kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Siku ya pili tukaandaliwa makande juu yake. Mpwa wangu akabaki kukodolea macho kisahani chake cha masafa marefu, kilichochongwa ukingo mwembamba ili kikate upepo, sasa kimebeba maharage.

"Mama, hizi si sahani."

"Naona. Hazina kina kabisa. Hao Wazungu mchuzi wanaula na nini?"

Baada ya mashauriano marefu visahani vikaachiliwa, tukaenda kutafuta uwanja. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Karatu bustani ya umma ya namna anayoisema yeye hatuna. Hifadhi tunayo, ya Ngorongoro, tena yenye sifa duniani, tangu 1959, na magari ya watalii yanapita katikati ya mji kila asubuhi kwenda kuipangia foleni langoni Lodoare. Lakini chini kwenye kreta huruhusiwi kushuka garini ovyo, na kinachotupwa kule ni jicho tu. Maeneo mengine yote yana mahindi, ngano, mbaazi au kahawa, na kila shina lina mtu anayelijua kwa jina.

Hatimaye mzee mmoja mwenye shamba la mikaratusi, kwenye mteremko unaopanda kuelekea msitu wa Ngorongoro, akatukubalia. Alituzungusha shamba zima kabla ya kutoa ruhusa. Alikuwa anagusa kila mti kwa kiganja. Huu ni mrunda. Huu pia mrunda. Huu ukiachwa miaka michache ni nguzo ya umeme. Ule wa pembeni ni ada ya mjukuu, kidato cha tatu. "Chezeni," akasema, "lakini msiniumizie miti." Mpwa wangu akajaribu kumweleza kwamba kisahani hakizidi gramu mia na themanini, hakiwezi kuuumiza mti. Mzee akakipima mkononi, akanitazama mimi, akasema hana wasiwasi na kisahani.

Vikapu tulimpelekea fundi wa kuchomelea pale barabarani. Mchoro alioonyeshwa kwenye simu aliugeuza juu chini mara kadhaa. "Hiki ni cha kufugia kuku au cha kuchomea nyama?" Si kuku, si nyama. Tukamweleza habari za Ed Headrick, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyouza visahani hivi, ambaye mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California. Awali watu walilenga miti, nguzo na mapipa ya taka, kukawa na ubishi usiokwisha: kimegusa, hakijagusa. Ndipo yeye akabuni kikapu chenye minyororo, akakipatia hataza mwaka 1977, na ubishi ukaisha kwa sababu minyororo inalia. Fundi hilo akalielewa mara moja. Kwenye biashara yake, ubishi wote unatokana na vitu visivyolia.

Kilichomshinda ni mwisho wa hadithi. Headrick alipofariki mwaka 2002 majivu yake, kwa matakwa yake mwenyewe, yalichanganywa kwenye plastiki vikatengenezwa visahani.

"Sasa na yeye anarushwa?"

"Vipo vilivyorushwa."

Fundi akavua miwani yake ya kuchomelea, akaipangusa polepole kwa kitambaa. "Mimi mtanizika Karatu hapahapa," akasema, "tena chini."

Alitutengenezea vikapu vyema sana kwa ringi kuukuu za baiskeli na minyororo chakavu ya pikipiki. Grisi hakuitoa. Kwa hiyo mpaka leo unaweza kumtambua mtu aliyefunga kituo kwa kumwangalia viganja.

Sasa mchezo. Wenye mchezo wao wana msemo kwamba mti ni asilimia tisini hewa. Mpwa wangu alinipa kauli hiyo kunitia moyo nikiwa nimesimama mbele ya safu ya mikaratusi iliyopandwa na mtu asiyepoteza ardhi. Nikarusha. Mkaratusi una shina laini, gumu, na ukigongwa na plastiki hutoa sauti kavu inayosikika hadi mtaa wa pili. Ko! Kisahani kikarudi. Nikarusha tena. Ko! Kikarudi zaidi, mpaka kikapita nyuma ya pale nilipoanzia, na kwa sheria za mchezo ilibidi niende nyuma kukifuata. Kwa muda fulani nilikuwa napiga hatua za uhakika kabisa kuelekea Mto wa Mbu.

Kijana alikuwa na maelezo ya kitaalamu. Karatu iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi haikibebi kisahani vizuri. Kwa mtu anayerusha kwa mkono wa kulia kama nirushavyo mimi, kinawahi kukata kushoto. Kwa hiyo ulenge kulia. Nililenga kulia, na kulia kulikuwa na ada ya mjukuu. Ili kunitia moyo zaidi akanieleza kwamba mwaka 2016 David Wiggins Jr. alirusha kisahani meta 338. Nikamuuliza wapi. Jangwani Nevada, akasema. Nikamwambia asante, nilidhani hivyo.

Isitoshe, wilaya hii ndiyo iliyomzaa Filbert Bayi, aliyekwenda Christchurch mwaka 1974 akakimbia meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo bila kumsubiri mtu. Sisi wa Karatu tunatarajiwa kwenda mbele. Lile lundo la watoto waliokuwa wamekaa nyuma yangu na mbuzi wao walilijua hilo, na ndiyo maana kila kisahani kiliporudi kwao walinipa pole kwa pamoja, kama darasa linaloitikia mwalimu.

Lakini miti si tatizo kubwa. Mti angalau unabaki ulipo. Tatizo ni kwamba huu msitu, ambao kwenye ramani ya mpwa wangu ni msitu, kwa wenyeji ni njia kuu. Wanapita akina mama na mizigo ya kuni. Wanapita wanafunzi waliovaa sweta za shule. Inapita bodaboda iliyopakia magunia ya vitunguu vya Mang'ola, ikikwepa askari wa barabarani. Na anapita mzee, na mzee akipita hurushi kitu. Unashusha mkono, unaamkia.

Ikumbukwe kwamba sheria ya mchezo inakupa sekunde thelathini kurusha tangu njia inapokuwa wazi. Sekunde thelathini! Huo ni muda wa "shikamoo" na "marahaba" na kuanza kuvuta pumzi. Bado za nyumbani, za mahindi, za yule ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, na je, yule binti wa ndugu yako aliyekuwa Babati amekwisharudi?

"Mjomba, muda umepita," mpwa wangu ananinong'oneza, saa mkononi.

"Nimwamkie nusu?"

Sheria nyingine inatoa dakika tatu za kutafuta kisahani kilichopotea. Hapa napo waliotunga hawakututazamia. Kisahani changu cha rangi ya chungwa kilipotelea vichakani, na ndani ya hizo dakika tatu ndiyo kwanza watafutaji walikuwa wanakusanyika: watoto wote, mama mmoja aliyetua kuni zake, na dereva wa bodaboda aliyezima injini na kuuliza kama ndani ya hicho kitu kulikuwa na fedha. Hakikuonekana. Kilionekana baadaye kwa bibi jirani, kimefunika ndoo ya maji ya kunywa, kimekaa sawasawa kana kwamba vilizaliwa pamoja.

Tukampigia hodi kwa adabu zote. Bibi akatukaribisha, akatupa viti, akatueleza kwamba mfuniko wake ulivunjika, na kwamba alikuwa amemwomba Mungu.

"Bibi, hicho kimeanguka kutoka kwetu," mpwa wangu akasema.

"Kila kitu kinaanguka kutoka mahali, mjukuu wangu."

Tulisubiri mnada wa tarehe 7, nikamnunulia mfuniko halisi wenye kishikio. Aliupokea kwa furaha, akaufunikia ndoo ya pili.

Halafu likaja suala la yowe. Kwenye mchezo huu, kisahani kikielekea kwa watu unapaswa kupiga kelele ili wajikinge. Huko Tampere, kwa maelezo niliyopewa, ukipiga kelele watu huinama na kuziba vichwa kwa mikono. Ilikuwa jioni, mahindi yamekomaa, na upande huu wa mteremko mahindi yakikomaa tembo huteremka kutoka msituni kuja kuyaonja. Mpwa wangu akarusha kwa nguvu zake zote, kisahani kikapinda kuelekea njiani, naye akapiga ukelele wa kutoka tumboni.

Hapa kwetu mtu akipiga yowe, hainami mtu. Watu wanakuja. Walitokea kwenye mahindi, walitokea kwenye mbaazi, wengine na fimbo, wengine na tochi, mmoja na panga, na kijana mmoja anapiga debe tayari. "Yuko wapi?" "Wangapi?" "Amepita upande gani?" Tukasimama katikati yao, mimi na viganja vyangu vyenye grisi, tukijaribu kueleza kwamba hakuna tembo, hakuna mwizi, ilikuwa ni tahadhari kuhusu plastiki.

Mzee mmoja akataka aelezwe vizuri. "Kwa hiyo mnakitupa."

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Halafu mnakifuata. Mkikikuta mnakitupa tena."

"Ndiyo, mzee."

"Kuna mtu anawalipa?"

"Hapana."

Debe likanyamaza. Sina hakika niliwahi kuhurumiwa na watu wengi kiasi kile kwa mara moja. Mzee akaomba akione, akakipokea, akakiinua juu ya bega kama mtu anayejiandaa kutupa rungu. Mpwa wangu akaanza kusema kwamba huo si mkao, kwamba mkono hutakiwa kuvutwa kifuani na kiuno kitangulie. Kisahani kikapita juu kabisa, juu ya ada ya mjukuu, kikajigeuza tumbo, kikateremka wima, na minyororo ikalia. Mzee akajipangusa mikono. "Baada ya hapo kuna nini?"

"Baada ya hapo unahamia kituo cha pili."

"Aa," akasema, na kila mtu akarudi kwenye mahindi yake.

Mpwa wangu amekwisharudi Ufini. Vikapu viwili vimepata kazi nyingine: kimoja kinafuga kuku, kingine kiko kwa muuza nyama choma, naye fundi hupita pale makusudi kuniuliza alisema nini. Vilivyobaki vinachezewa na wale watoto wenye mbuzi kwa vifuniko vya ndoo, na wamejitungia sheria zao. Salamu inasimamisha saa. Ukimgonga mbuzi unaongezewa pigo moja. Ukimgonga mbuzi wa mwenzako, mawili.

Mimi bado nacheza, zaidi katika kituo cha nne, ambako kuna mti mmoja katikati kabisa ya njia ambao hata siku ya kufa nitaukumbuka. Juzi nilimkuta mzee mwenye shamba amesimama chini yake na msumeno, anaupima kwa jicho. Sikumwacha amalize kuniitikia salamu. Nikashika upande wa pili wa msumeno, nikavuta kwa bidii ambayo dada yangu angeipenda aione siku za kulima, mpaka mti ukaanguka chali, na kwa mara ya kwanza nikakiona kikapu cha nne waziwazi kutoka nilipo.

"Hongera sana, mzee," nikamwambia, nikihema.

"Asante. Na uzuri wa mkaratusi," akasema, akipiga kisiki kwa upendo, "ukiukata mmoja, unachipua mitatu."