Muulize Shangazi Spula

*Shangazi, shikamoo. Nina steshenari hapa Pongwe, kando ya barabara ya Segera. Juzi natoa mitihani ya shule moja, umeme ukakatika nakala hazijafika nusu. Tangu uliporudi printa imeninunia: natuma kazi, hakitoki kitu. Fundi wa kwanza kasema waya, wa pili kasema tona, wa tatu anataka ninunue printa mpya, na anayo ya kuniuzia. Kuna jirani kafungua fotokopi mwezi uliopita, naye ananitia shaka. – Mgosi Mwenye Hasara*

Marahaba, mgosi. Jirani muache. Watu wa Tanga tumesingiziwa mengi, hili la printa tusijiongezee wenyewe.

Printa yako nzima. Anayegoma ni karani aliyemo ndani ya kompyuta, aitwaye Print Spooler. Humwoni kwenye skrini, lakini kila unachotuma anakipokea yeye, anakipanga foleni, kisha anakipeleka kwa printa. Kila kazi huihifadhi kwenye mafaili mawili: la .SPL lina kurasa zenyewe, la .SHD linaeleza nani katuma na kwa printa ipi. Umeme ulipokatika, faili moja likabaki nusu. Sasa karani kila akiamka anaanza na hilohilo, anajikwaa, chali. Kompyuta inamwinua, anaanguka tena, mwisho inamwacha hapohapo chini.

Fanya hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, mtafute Print Spooler umpe Stop. Kisha fungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Kompyuta itakuomba ruhusa, ikubalie. Futa vilivyomo ndani ya folda, siyo folda yenyewe, narudia kwa sababu nawajua. Rudi kwa karani umpe Start. Mitihani itume upya, ile iliyokuwa kwenye foleni ndiyo imekwenda na maji.

Hela ya fundi wa tatu nunulia UPS ya kompyuta. Ila printa ya leza usiichomeke humo: ikipasha moto inavuta umeme mwingi, na UPS ndogo haiuwezi.

*Shangazi, mimi ni katibu muhtasi wa sekondari. Tuna seva yenye programu inayohesabu kurasa anazotoa kila mwalimu. Jumatatu tumeiwasha, huduma yake ikakataa kuamka na kuandika kosa 1069. Wiki nzima iliyopita ilikuwa inafanya kazi vizuri. Mwalimu wa kompyuta aliyeifunga kahamishiwa Lushoto. – Niliyechoka*

Pole mwanangu. Niambie ukweli: mwalimu alipoondoka, nani alibadilisha nywila yake? Wewe. Na ulifanya la maana, mtu akihama asiondoke na funguo za seva.

Lakini mwalimu yule aliifunga huduma hiyo iingie kwa jina lake na nywila yake mwenyewe. Windows huiweka nywila ya huduma mahali pake, na mwenye akaunti akiibadilisha yake, huduma haipashwi habari. Iliyokwisha kuamka inaendelea na kazi kama kawaida. Ndiyo maana mliprinti wiki nzima kwa raha zenu, seva ikazimwa Ijumaa, Jumatatu ikaamka na nywila iliyokwisha kufa. Kosa 1069 halina maana nyingine: huduma ilitaka kuingia, ikakataliwa.

Ingia services.msc, ifungue huduma hiyo, nenda palipoandikwa Log On, weka nywila mpya mara mbili, iwashe. Kazi imekwisha kwa leo. Kesho fungua akaunti ya huduma peke yake, isiyo na jina la mtu, nywila yake isipitwe na muda, na mamlaka yake yasizidi kazi yake. Iandikeni mahali mkuu wa shule anapajua. Siyo kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa seva, hiyo nimekwisha kuiona mara nyingi.

Ukikuta Print Spooler mwenyewe naye kapewa jina la mtu, kuna mjuaji kapita hapo. Huyo hana nywila, huingia kama Local System. Mrudishie.

*Shangazi, kompyuta yangu ni kuukuu. Huduma ya programu ya printa inatoa kosa 1053 kila asubuhi, lakini nikiiwasha kwa mkono saa nne inakubali. – Mpole wa Kange*

Windows huipa huduma sekunde 30 iitikie. Asubuhi programu zote zinagombania kompyuta hiyo moja, yako inachelewa kuitika. Ibadilishe iwe Automatic (Delayed Start), itangoja kama dakika mbili fujo zipungue. Halafu punguza hizo programu nyingine, najua ziko.

*Shangazi, mwaka 2021 mjomba aliniambia Print Spooler ni mlango wa wezi, nikaizima. Sasa nimepata tenda ya kadi za harusi na printa haionekani kabisa. – Binti wa Kadi*

Mjomba hakuongopa. Mwishoni mwa Juni mwaka ule ilifichuka kasoro iliyoitwa PrintNightmare. Kwa kuwa karani huyu anafanya kazi kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, mwizi aliyefanikiwa kuingia kwenye mtandao angeweza kumtumia kuiteka kompyuta nzima. Microsoft ilianza kutoa kiraka tarehe 6 Julai 2021, mpaka kwa Windows 7 ambayo ilikuwa imekwisha kuachwa tangu Januari 2020. Ujue basi walishtuka kiasi gani.

Sasisha Windows kwanza. Ukimaliza, kwenye Startup type ondoa Disabled, weka Automatic, bonyeza Apply, ndipo umpe Start. Ukiiruka Apply, kitufe cha Start kitabaki cha kijivu, utakibonyeza mpaka bibi harusi apate mjukuu.

Kadi yangu iletwe mapema. Pilau naifuata popote, Maweni mpaka Muheza.