Timu ya Dola Tatu

Matajiri wa Marekani wakianzisha timu, hununua mchezaji ghali, hupiga picha, kisha huenda mahakamani. New Jersey Generals iliingia uwanjani mwaka 1983 katika ligi mpya ya USFL, ya ule mpira wao wa kukumbatia, ikamnyakua Herschel Walker kutoka chuoni. Baada ya msimu mmoja Donald Trump akainunua. Ligi ilianza michezo Machi, ligi kongwe ya NFL ikiwa likizoni. Trump akawashawishi wenye timu wenzake wahamie miezi ya NFL wakapambane nayo. Wakaishtaki NFL kwa uhodhi. Mwaka 1986 wakashinda, na wazee wa baraza wakawatunuku dola 1. Sheria ikaizidisha mara tatu. Ligi ikafa na misimu yake mitatu, dola moja kwa kila msimu.

Sasa tuje kwa mradi uliokataa kufa: Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, Malawi. Gereza hilo la enzi za rais Kamuzu Banda lilifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, ya kujihifadhi kidogo tu mpaka mambo yatulie. Kambi ilipangiwa watu wapatao 10,000. Sasa wamo zaidi ya 50,000, na tangu 2014 wana Tamasha la Tumaini. Mwaka 2023 serikali iliwasomba wafanyabiashara wakimbizi wa Lilongwe ikawarudisha humo, kana kwamba nafasi ilikuwa imebaki.

Wawekezaji, anayetaka mradi usiokufa aitangazie dunia kuwa ni wa muda mfupi. Na zile dola 3 zileteni Lilongwe. Huku dola zimeadimika.